Makala ya Hisabati Imerudishwa Tena: Mwongozo Kamili wa Kuandaa na Kutuma Makala kwa Jarida

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi huwa naketi na wanafunzi wachache wa uzamili na uzamifu hapa Kisumu. Wengine hutoka Maseno, wengine Kakamega na Bondo, na mara mojamoja anafika mmoja kutoka Njoro akiwa amedamka alfajiri kuwahi matatu. Karibu kila mmoja huja na barua ileile ya mhariri: tunasikitika, makala yako haifai kwa jarida letu.

Barua hizo nimezisoma nyingi. Chache mno zinasema kwamba hisabati imekosewa. Nyingi zinahusu makala ambazo hazikufika hata kwa mhakiki, yule mtaalamu anayeombwa na mhariri aikague: mhariri alisoma ukurasa wa kwanza, hakuona jipya ni lipi, au aliliona lakini si la jarida lake. Basi.

Kwa hiyo hatua hizi zimepangwa kwa ajili ya mtu mmoja: mhariri aliyechoka, asiyekujua, mwenye makala nyingine lukuki mezani. Zifuate kwa mpangilio wake. Ukirukia hatua ya kutuma kwa sababu bodi ya uzamifu inakusukuma, utarudi hapa baada ya miezi sita.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Tokeo moja, walau moja, lenye uthibitisho kamili ulioandikwa kwa mkono au kwa mashine.
- LaTeX, mfumo wa kuandikia na kupanga maandishi ya hisabati. Kwenye Windows, MiKTeX inatosha; isakinishe ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, maana inapakua vifurushi kidogokidogo na itakumalizia bando. Overleaf hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu, ila intaneti ikikatika kazi imesimama. Mimi huandika nje ya mtandao, kisha naweka nakala mtandaoni.
- Namba ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti. Ni ya bure, ina tarakimu 16, na itakufuata hata ukihama chuo.
- Anwani ya barua pepe itakayodumu. Ya chuo inaleta heshima, lakini ikiwa itafungwa ukishahitimu, jibu la mhariri litaangukia shimoni.
- zbMATH Open, hazina ya makala za hisabati ambayo tangu 2021 iko wazi kwa kila mtu. MathSciNet, hazina nyingine ya namna hiyo, nayo ni nzuri ikiwa maktaba yenu inailipia.
- Mtu mmoja asiye msimamizi wako, aliye tayari kusoma.
- Subira. Hii hainunuliwi soko la Kibuye.

## Hatua ya 1: Hakikisha una makala, si sura ya tasnifu

Sura ya tasnifu huonyesha kwamba umesoma. Makala huonyesha kwamba umepata. Ndiyo maana ukichukua sura ya nne ukaibandika kichwa kipya, mhariri anaitambua papo hapo: kurasa sita za fasili anazozijua tangu shahada ya kwanza, halafu tokeo lako limejificha ukurasa wa kumi na moja.

Andika tokeo lako kwa sentensi moja kwenye kipande cha karatasi. Kisha ingia zbMATH utafute kwa maneno yake, kwa visawe vyake, na kwa majina ya watu waliotajwa katika marejeleo yako.

Dada mmoja kutoka upande wa Bungoma alikuja na makala kuhusu grafu za vigawanyo vya sifuri za familia fulani ya ringi mahalia zenye ukomo. Katika grafu hizo vipeo ni vipengele vya ringi visivyo sifuri ambavyo vikizidishwa na kingine kisicho sifuri hutoa sifuri, na viwili huunganishwa zao lao likiwa sifuri. Ilikuwa kazi safi, na kurasa nne zilitumika kuthibitisha kwamba kipenyo cha grafu, yaani umbali mkubwa kabisa kati ya vipeo viwili, hakizidi 3. Tatizo ni kwamba Anderson na Livingston walithibitisha jambo hilo mwaka 1999 kwa kila ringi ya kubadilishana. Tena katika familia yake mambo ni mepesi zaidi: ringi mahalia yenye ukomo ambayo si uwanja daima ina kipengele kisicho sifuri kinachoua ideali kuu nzima. Kipeo hicho kimeunganishwa na vingine vyote, kwa hiyo kipenyo hakizidi 2. Mstari mmoja. Kurasa zake nne zilikuwa zimethibitisha kwa jasho tokeo dhaifu kuliko lile la mstari mmoja.

Je, hakuwa na jipya? Alikuwa nalo. Ukurasa wa mwisho, kama kitu cha nyongeza, alikuwa amehesabu otomofizimu za grafu, yaani njia za kubadilishana vipeo bila kuvuruga miunganisho, kwa familia nzima, na hilo hatukulipata popote. Hiyo ndiyo iliyokuwa makala yake. Zile kurasa nne tulizitoa.

Wenzetu wa modeli za magonjwa nao wana mtego wao. Unachukua modeli ya malaria, unaongeza kundi moja la watu, unakokotoa R0, wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja, kwa mbinu ya matriksi ya kizazi kijacho ya van den Driessche na Watmough ya 2002, unaonyesha usawazo usio na ugonjwa ni thabiti R0 ikiwa chini ya 1, kisha unachora michoro. Mbinu hiyo karibu kila mara hutoa jibu hilo, na mhariri analijua. Jiulize: kundi nililoongeza limebadilisha nini ambacho modeli ya awali isingeweza kukisema? Ikiwa jibu ni «hakuna», bado hujafika. Ikiwa sasa ugonjwa unaweza kuendelea hata R0 ikiwa chini ya 1, anza makala yako hapo hapo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumwambia mwenzako sentensi mbili: «Ilijulikana hivi. Mimi nimeonyesha hivi.» Naye akauliza swali badala ya kuitikia kwa kichwa tu.

## Hatua ya 2: Chagua jarida kabla ya kuandika

Wengi huandika kwanza kisha wakatafuta jarida kama mtu aliyeshona suti ndipo atafute wa kuivaa. Geuza. Tazama orodha yako ya marejeleo: jarida gani limejirudia mara mbili au tatu? Hapo ndipo wasomaji wako walipo. Fungua matoleo yake ya karibuni, soma makala tatu, uone urefu wake, uzito wake, na kama zinaegemea nadharia tupu au matumizi.

Kisha pitia majina ya wahariri. Kama hakuna hata mmoja anayefanya kazi karibu na mada yako, makala haitapata mlezi.

Kuna majarida ya ngazi mbalimbali, na kujidanganya hakusaidii. Annals of Mathematics si mahali pa makala ya kwanza ya uzamili. Lakini usijidharau pia. Afrika Matematika, jarida la Umoja wa Wanahisabati wa Afrika, lipo. Quaestiones Mathematicae la chama cha Afrika Kusini lipo. Kwa mambo ya grafu na kuhesabu, Electronic Journal of Combinatorics halimtozi mwandishi wala msomaji, ingawa kizingiti chake ni cha juu.

Sasa kuhusu pesa, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Majarida mengi ya hisabati yenye jina hayamtozi mwandishi anayefuata njia ya kawaida. Maktaba ndizo hulipia usomaji. Baada ya kukubaliwa utaulizwa kama unataka makala iwe wazi kwa wote kwa malipo, ambayo mara nyingi ni maelfu ya dola. Usiweke alama pale bila kusoma. Chagua njia ya kawaida.

Mimi mwenyewe niliwahi kuliwa. Nilipata barua pepe iliyoniita profesa mashuhuri wakati hata uzamifu sijaumaliza, ikiniomba makala. Nilituma Jumatatu. Alhamisi wakanijibu kwamba wahakiki watatu wameipenda, nilipe. Nililipa. Makala ilitoka na kosa la herufi kwenye jina langu, na nilipoomba nafasi ya kazi jopo halikuihesabu. Hakuna binadamu anayekagua uthibitisho wa kurasa 15 kwa siku tatu, sembuse watatu kwa pamoja.

Dalili za jarida la namna hiyo: linakusifu kabla hujatuma, linaahidi jibu kwa siku, linachapisha hisabati pamoja na kilimo na uuguzi chini ya jalada moja, na makala zake za karibuni hazipo zbMATH. Hiyo ya mwisho ikague kwanza, ni kazi ya dakika tano.

## Hatua ya 3: Andika kuanzia katikati, malizia na mwanzo

Anza na thiorema kuu na uthibitisho wake. Kisha lema, yaani matokeo madogo ya kusaidia uthibitisho, unazozihitaji, na hizo tu. Kisha fasili ambazo lema hizo zinazihitaji, na hizo tu. Utangulizi uandike mwisho, ukiwa tayari unajua nyumba ina vyumba vingapi.

Utangulizi ndio utakaoamua hatima yako, kwa hiyo tumia siku nzima juu yake. Aya ya kwanza ieleze swali. Ya pili iseme nani amefika wapi, kwa majina na miaka. Ya tatu iwe na thiorema yako yenyewe, imeandikwa wazi kwa alama zake zote, ndani ya ukurasa wa kwanza au wa pili. Ya nne ieleze kwa nini mbinu iliyokuwepo haikutosha na wewe umefanya nini tofauti. Aya hiyo ya nne ndiyo inayokosekana katika nusu ya rasimu ninazoletewa.

Linganisha sentensi hizi mbili:

«Katika makala hii tunachunguza grafu za ringi fulani na tunapata matokeo kadhaa.»

«Tunabainisha kundi la otomofizimu la grafu ya kila ringi katika familia hii, na tunaonyesha kwamba linategemea ukubwa wa uwanja wa mabaki na vipimo viwili tu.»

Ya kwanza inaweza kuwa ya mtu yeyote. Ya pili inamfanya mhariri afikirie jina la mhakiki.

Usijisifu. Maneno kama «matokeo ya kipekee» au «kwa mara ya kwanza duniani» yafute. Mhakiki ndiye atakayesema. Na usitungiwe marejeleo na programu za akili bandia: zinaweza kukupa makala isiyokuwepo, yenye waandishi waliopo na kurasa zinazosadikika kabisa. Kila rejeleo ulilotaja uwe umelifungua kwa macho yako. Ukizitumia kunyoosha Kiingereza, soma kanuni za jarida, kwani mengi sasa yanadai useme.

Ikisiri iwe fupi, isiyo na rejeleo wala mlinganyo mrefu. Halafu ongeza namba za uainishaji wa MSC2020, kila moja ikiwa na alama tano, tarakimu nne na herufi moja, zinazomwambia mhariri kazi yako iko pembe gani. Kwa mfano 13M05 ni muundo wa ringi za kubadilishana zenye ukomo, 05C25 ni grafu na aljebra, 47A12 ni upeo wa kinamba wa opereta, na 92D30 ni epidemiolojia. Ukiweka namba isiyo yako, makala inapelekwa kwa mtu asiye wako.

## Hatua ya 4: Ujaribu uthibitisho kama adui

Chukua kila «ni dhahiri kwamba» na «ni rahisi kuonyesha kwamba». Andika uthibitisho wake pembeni. Ukishindwa kuuandika, haukuwa dhahiri. Makosa mengi niliyoyaona yalikuwa yamelala chini ya maneno hayo mawili kama nyoka chini ya mkeka.

Kisha jaribu mifano midogo. Yule dada wa Bungoma alikuwa na mstari uliosema: kwa kuwa 2x = 0, basi x = 0. Unapita vizuri ringi ikijengwa juu ya namba tasa p yoyote isiyo 2. Lakini familia yake ilijumuisha ringi ya namba 0, 1, 2, 3 kwa moduli 4, ambamo 2 mara 2 ni 0 na 2 si sifuri. Thiorema haikufa; ilihitaji tu kesi ya p = 2 itenganishwe, nusu ukurasa. Kama mhakiki angekuwa wa kwanza kuliona, angejiuliza ni nini kingine hakijakaguliwa.

Kwa wa matriksi: jaribu 2 kwa 2, jaribu matriksi isiyo na kinyume, jaribu sifuri. Kwa wa modeli: hakikisha idadi ya watu haishuki chini ya sifuri na vipimo vya pande zote za mlinganyo vinalingana.

## Hatua ya 5: Safisha LaTeX

Hapa nitapita haraka. Tumia amsart kama jarida halijatoa kiolezo chake. Weka \label kwenye kila thiorema na mlinganyo unaourejelea, na uuite kwa \ref au \eqref; usiandike namba kwa mkono, maana ukiongeza lema moja zote zinahama. Marejeleo yachukue zbMATH yakiwa tayari katika umbo la BibTeX. Alama za kuuliza mbili, ??, zikibaki kwenye pdf, mhariri ataona hukuisoma kazi yako.

## Hatua ya 6: Majina ya waandishi

Katika hisabati, hasa ile tupu, waandishi hupangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Hakuna mwandishi wa kwanza wala wa mwisho. Chama cha Hisabati cha Marekani, AMS, kilitoa taarifa kuhusu desturi hii mwaka 2004.

Nalitaja kwa sababu ofisi za rasilimali watu na kamati za kupandisha vyeo hapa kwetu hupima kila mtu kwa desturi za sayansi nyingine, ambako wa kwanza ndiye mwenye kazi. Mtu anayeitwa Wekesa ataonekana msaidizi maisha yake yote. Chapisha taarifa ile ya AMS, iambatishe kwenye faili lako. Usigombane na msimamizi wako juu ya mpangilio; gombana, kwa adabu, kama jina la mtu asiyechangia chochote limeongezwa.

Waandishi wote lazima waidhinishe rasimu ya mwisho kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, ila uhifadhi.

## Hatua ya 7: Mpe mtu asome, kisha fikiria arXiv

Mficha uchi hazai. Mpe rasimu mtu aliye nje ya kazi yako na umwombe jambo moja tu: aweke alama pale alipopotea. Usimweleze kwa mdomo. Akipotea, tatizo ni la maandishi, si lake. Wewe nawe ichapishe kwenye karatasi pale saiba uisome ukiwa na kalamu. Kwenye kioo jicho huruka.

arXiv ni hazina ya bure ambako wanahisabati huweka rasimu kabla ya jarida. Kazi yako inapata tarehe na wasomaji. Anayeweka kwa mara ya kwanza kwa kawaida huhitaji kuidhinishwa na mtu ambaye tayari ameweka kazi humo katika fani hiyo, hivyo mwombe msimamizi au mwandishi uliyemrejelea. Tahadhari moja: kilichowekwa hakifutiki. Unaweza kuweka toleo jipya au kutangaza kwamba umeiondoa, lakini la zamani litabaki linasomeka. Na kabla ya hapo angalia kama jarida ulilochagua linakubali rasimu zilizoko arXiv. Mengi ya hisabati hukubali.

## Hatua ya 8: Tuma

Tuma kwa jarida moja tu. Kutuma kwa mawili kwa wakati mmoja ni kosa la kimaadili, na ulimwengu wa wahakiki wa ringi zenye ukomo ni mdogo kama kijiji: makala ileile inaweza kuangukia mezani pa mtu yuleyule kutoka majarida mawili.

Barua kwa mhariri iwe na aya tatu fupi: kichwa cha makala na tokeo kuu kwa sentensi moja, kwa nini jarida hili, ukitaja mada na si sifa, na tamko kwamba kazi haijachapishwa wala haiko kwingine. Kama imetoka kwenye tasnifu iliyoko kwenye hazina ya chuo, sema hapo hapo. Programu za kukagua wizi wa maandishi zitaonyesha ulinganifu mkubwa na tasnifu yako mwenyewe, na afadhali mhariri alisikie kwako.

Fanya kazi hii asubuhi, betri ikiwa imejaa, stima isije ikakatika ukiwa ukurasa wa sita wa fomu. Pakia faili la .tex, la marejeleo na michoro yote bila folda ndani ya folda.

Halafu kuna mtego ambao umewanasa wanafunzi wangu watatu. Katika mifumo mingi, kama Editorial Manager, ukishapakia mfumo unajenga pdf, kisha unakusubiri uifungue na kuiidhinisha. Usipoidhinisha, makala haijatumwa. Mmoja alikaa miezi minne akisubiri jibu la makala iliyokuwa bado iko kwenye akaunti yake mwenyewe.

Umefaulu ukipata barua pepe yenye namba ya makala. Bila namba, hujatuma.

## Hatua ya 9: Subiri

Mhakiki halipwi. Anasoma kazi yako usiku baada ya kusahihisha mitihani ya watu wake. Miezi sita ni kawaida, mwaka si ajabu. Kama bodi yenu ina tarehe ya mwisho, hesabu kurudi nyuma kutoka hapo; mtu anayetaka kuhitimu Desemba hatumi Agosti.

Usiandike kuulizia kabla ya miezi sita kupita. Ikipita, andika mistari mitatu: namba ya makala, tarehe uliyotuma, na ombi la kujua hali yake. Usitaje sherehe za mahafali.

## Hatua ya 10: Jibu lililokuja

Makala ikikataliwa bila kufika kwa mhakiki, rudi Hatua ya 2. Ikikataliwa pamoja na ripoti ya mhakiki, rekebisha kila kilicho sahihi kabla ya kutuma kwingine, maana huyo mhakiki anaweza kuwa ndiye huyohuyo utakayempata tena.

Ikiombwa marekebisho, hata makubwa, shukuru: mlango umefunguliwa. Nakili kila hoja ya mhakiki, na chini yake andika ulichofanya, ukurasa na mstari. Usiache hata moja. Pale mhakiki alipokosea, usimwambie amekosea. Sema maelezo yako hayakuwa wazi, kisha onyesha hoja. Mara nyingi ni kweli kwamba hayakuwa wazi. Zungumza na waandishi wenzako kabla ya kujibu, na usijibu siku uliyopokea ripoti. Siku hiyo nenda Dunga ukale samaki.

Makala ikishakubaliwa utatumiwa kurasa za mwisho za kusahihisha, na mara nyingi utapewa saa 48 au siku chache tu. Usisome kama msomaji. Linganisha alama kwa alama na faili lako, hasa vijinamba vya chini na juu, kwani wapangaji hupoteza hapo. Kagua jina lako, jina la chuo, barua pepe na ORCID. Kisha rudisha, na uhifadhi pdf hiyo mahali pawili, kimojawapo kisiwe simu yako.